Tumeachana, lakini wakili wake ananidai dola 32,000

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Indianapolis, Marekani. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Uraia wa hapa niliupata kabla sijaolewa. Mwaka 2020 nilifunga ndoa Mombasa na mwanamume wa mtaani kwetu, tukahangaika na makaratasi, na mwishoni mwa 2022 akaingia Marekani na kadi ya kijani ya miaka 10.

Mwanzo tuliishi vizuri. Nyumba nililipa mimi, chakula mimi, hata ada ya kujifunza gari ya hapa nililipa mimi. Akapata kazi kwenye ghala la mizigo, kisha maneno yakaanza, na Machi 2024 akabeba nguo zake akaenda kukaa kwa rafiki yake. Mahakama ya hapa imetupa talaka Juni 2025, na kwa kadhi Mombasa mambo yameshamalizwa. Watoto hatuna. Hukumu imesema waziwazi kuwa hakuna wa kumlipa mwenzake chochote. Nikahamia chumba kimoja, nikasema alhamdulillahi.

Novemba hii nimeletewa barua ya wakili wake. Ananidai karibu dola 32,000, matunzo ya miezi 20 tangu aondoke, na amenipa siku 30 za kujibu. Ameambatisha nakala ya fomu I-864, ile ya udhamini, yenye sahihi yangu. Ameambatisha pia ya kaka yangu, maana mwaka ule mshahara wangu haukutosha na kaka akakubali kuwa mdhamini wa pili. Alitia sahihi juu ya boneti ya gari, akikimbilia kazini, hata kusoma hakusoma. Mpaka leo hajui kuna barua.

Mama ananiambia niichane. Anauliza tangu lini mwanamke akamlisha mtalaka wake. Mimi kwa hasira nimeshaandika barua kwa idara ya uhamiaji kuwa mtu huyu alinioa kwa ajili ya makaratasi, iko tayari kutumwa. Naye nasikia anapeleka watu vyakula kwa gari kupitia programu ya simu, halafu wakili wake anasema hana kipato. Je, nitalipa kweli? Na mama mwenyewe nilitaka nimlete mwakani, nitaweza?

Mdhamini wa Indianapolis

*

Marahaba, mwanangu.

Barua ya wakili usiichane, na hiyo ya uhamiaji usiitume. Ukishatuliza mikono hivyo, tuzungumze.

Deni lipo. Kiasi kilichoandikwa ndicho ambacho sidhani kama kipo. Hayo ni mambo mawili, na wakili wa mtalaka wako angefurahi sana uyachanganye, ama ukatae yote ukajikuta mahakamani bila majibu, au uogope ukalipa yote.

Nianze na deni lenyewe. Zamani barua za kumdhamini mgeni Marekani zilikuwa ahadi za mdomo tu. Mahakama zilikuwa zikisema haziwezi kumlazimisha mtu kuzitimiza. Mwaka 1996 Bunge la huko likabadilisha sheria, na tangu Desemba 1997 fomu I-864 ni mkataba kamili. Umeahidiana na serikali ya shirikisho kwamba uliyemdhamini hatashuka chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, na sheria ikampa yeye mwenyewe haki ya kukushtaki ukishindwa. Ndoa ilikuwa sababu ya kuandika mkataba huo, lakini uhai wa mkataba hautegemei ndoa. Fomu yenyewe inasema hivyo kwa maneno wazi, kwamba talaka haimalizi wajibu. Iko pale, kwenye kurasa ambazo hakuna anayezisoma kwa sababu wote tunatafuta pale pa kutia sahihi.

Mama yako ana haki ya kushangaa. Katika sheria tuliyolelewa nayo, mume ndiye hutoa matunzo, mtalaka wa kike hulishwa ndani ya eda, eda ikiisha kila mtu na njia yake. Fomu ya Marekani haijui mume wala mke. Inajua mdhamini na mdhaminiwa, basi. Hati ya kadhi haiigusi. Na hukumu ya talaka ya Indiana, nayo, usijifiche nyuma yake. Mahakama ya jimbo iliamua mambo yenu ya ndoa, lakini haki anayodai inatoka kwenye sheria ya shirikisho na anaweza kuipeleka mahakama ya shirikisho. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya San Francisco iliamua kesi ya watu waliokuwa wameandikiana, hata kabla ya kuoana, kuwa wakiachana hakuna atakayemdai mwenzake matunzo. Mahakama ikasema maandishi hayo hayaondoi wajibu wa fomu. Wakili wako anaweza kutumia hukumu yako kama hoja, lakini usiifanye ngao yako ya pekee.

Wajibu huu huisha kwa njia chache zinazojulikana: yeye akiwa raia wa Marekani, akitimiza robo 40 za kazi katika hifadhi ya jamii (robo ni kipimo cha kazi kinachohesabiwa kwa kipato), akiondoka nchini moja kwa moja na kuacha ukaazi wake, au akifariki. Ukifariki wewe pia huisha, ingawa malimbikizo ya nyuma yanaweza kudaiwa kwenye mali yako. Kuna njia nyingine ya mtu aliye kwenye kesi ya kufukuzwa nchini akapata ukaazi upya kwa udhamini mpya, lakini hiyo haikuhusu.

Robo 40 watu huzitafsiri kuwa miaka 10, kwa kuwa mwaka mmoja hautoi zaidi ya robo 4. Kwa mwaka 2025 robo moja ni kipato cha dola 1,810, kwa hiyo aliyepata dola 7,240 ndani ya mwaka amemaliza robo zake zote 4. Ndoa ikiwa hai, mdhaminiwa anaweza kuhesabiwa hata robo za mwenzake za kipindi cha ndoa. Mkiachana, hizo za kwako hazimhesabii tena. Yaani talaka haikukufungua, na juu yake imemwondolea robo ambazo zingekufungua mapema. Sheria nyingine utadhani ziliandikwa na mtu mwenye kinyongo.

Sasa kiasi.

Chukua kalamu. Kiwango cha umaskini kwa mtu mmoja mwaka 2024 kilikuwa dola 15,060. Asilimia 125 yake ni dola 18,825. Mwaka 2025 ni dola 15,650, na asilimia 125 yake ni kama dola 19,562. Gawa kila kimoja kwa 12, chukua miezi 10 ya 2024 tangu Machi, chukua na miezi 10 ya 2025 mpaka Oktoba. Unapata 15,687 na 16,302, jumla kama 31,990. Ndiyo hiyo 32,000 yako. Unaona wakili alivyofanya? Amehesabu kana kwamba mteja wake hakushika hata senti moja kwa miezi 20.

Mkataba haukukuajiri umlipe mshahara. Unadaiwa pengo tu, tofauti kati ya alichopata na mstari ule wa asilimia 125. Tuseme kule ghalani alikuwa akipata dola 1,100 kwa mwezi mwaka 2024. Mstari kwa mwezi ni kama 1,569, pengo ni 469, na miezi 10 haifiki dola 5,000. Kama alipata 1,600 kwa mwezi, kwa kipindi hicho humdai wala hakudai. Na pesa za kupeleka watu vyakula ni kipato kama kipato kingine. Programu hizo hutuma malipo benki na hutoa karatasi za kodi mwisho wa mwaka. Kesi ikifika mahakamani, wakili wako ana haki ya kuomba marejesho yake ya kodi na taarifa zake za benki. Kwa hiyo hilo la "nasikia anapeleka vyakula" liache kuwa umbea. Mwambie wakili alipeleke kama ombi la nyaraka. Usimfuate mtu na simu kumpiga picha garini.

Miezi mliyoishi pamoja ukilipa nyumba na chakula, ulikuwa ukimtunza, na naona hata wakili wake hakuthubutu kuirudisha nyuma. Tafuta hata hivyo stakabadhi za kodi ya nyumba, na chochote ulichomtumia baada ya Machi 2024. Wengi hutuma pesa kwa huruma baada ya kutengana, kisha wakasahau.

Kuna jambo litakalokuudhi na ni bora ulisikie kwangu. Usitegemee sana hoja ya kwamba "ana nguvu, mbona hafanyi kazi zaidi". Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Chicago, ambayo ndiyo ya juu yenu nyinyi wa Indiana pamoja na Illinois na Wisconsin, iliulizwa swali hilohilo na mdhamini aliyeachana na mkewe. Jaji Richard Posner aliandika kuwa sheria haimtaki mdhaminiwa atafute kazi ndipo apate haki yake. Sababu yake moja ilikuwa kwamba kiwango chenyewe ni kidogo mno hata mtu mwenye akili hatakaa bure akikitegemea. Hoja yako ni alichopata. Alichoweza kupata, mahakama ya eneo lenu imeshakataa kukiuliza.

Kuhusu barua yako kwa uhamiaji. Wewe ndiye uliyeapa mbele ya idara hiyohiyo kuwa ndoa ni ya kweli, ukapeleka picha na ushahidi. Leo ukiandika kuwa ilikuwa ya bandia, utaulizwa ulijua lini. Kama una ushahidi halisi wa udanganyifu, mpe wakili wako auangalie kwanza. Lakini kutokana na maelezo yako mwenyewe mlikaa vizuri, kisha maneno yakaanza. Hiyo ni ndoa iliyovunjika, na ndoa huvunjika hata kwa watu waliooana Kisauni bila kadi ya rangi yoyote. Barua ya kutishia wakati kuna madai ya pesa inasomeka kama kisasi, na wakili wake ataitumia.

Halafu fikiria faida yako. Mtu aliyeolewa na raia na wakaishi pamoja anaweza kuomba uraia baada ya miaka 3. Mtalaka wako mlango huo umemfungika, atangoja miaka 5 tangu alipopata ukaazi, yaani mwishoni mwa 2027, na fomu anaweza kuipeleka siku 90 kabla. Siku anayokula kiapo cha uraia, mkataba wako unakufa. Kwa robo za kazi, hata akiwa amejaza kila mwaka tangu 2023, mpaka mwisho wa 2025 ana 12, bado 28, hiyo ni miaka 7 mingine. Kwa hiyo yule unayetaka kumharibia makaratasi, uraia wake ndio unaokufungua haraka zaidi. Najua haimezeki. Mimi ningekuwa wewe ningemtakia kila la heri kwenye mtihani wa historia ya Marekani, tena kwa moyo mkunjufu.

Ndiyo maana ukienda kwa wakili usizungumzie tu yaliyopita. Deni hili linazidi kukua kila mwezi anapokuwa chini ya mstari. Mwambie unataka mazungumzo ya kumaliza: nyaraka za kipato zitolewe, pengo la kweli lihesabiwe, mkubaliane kiasi na namna ya kulipa. Muulize kama inawezekana makubaliano yenu yakagusa pia miezi inayokuja. Na hata yakigusa, jua kwamba mkikubaliana wawili hamwezi kufuta ahadi uliyotoa kwa serikali. Akichukua misaada ya wasiojiweza, kama stempu za chakula au Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ofisi iliyotoa inaweza kukuandikia urudishe. Wenye kadi ya kijani wengi hungoja miaka 5 kabla ya kupata misaada ya shirikisho ya aina hiyo, kwa hiyo hatari hii kwako ni ndogo kwa sasa, lakini ipo.

Tafuta wakili anayejua uhamiaji na pia kesi za familia, kwa sababu hawa wa talaka peke yake wengi hawaijui I-864, na wajuaji wa makaratasi wa mtaani, wale wa kukujazia fomu kwa dola 100, hawaruhusiwi kukusimamia mahakamani. Nenda kabla ya siku 30 kwisha. Sheria inamruhusu mdai akishinda alipwe na gharama za wakili wake, na deni la elfu chache linaweza kugeuka jambo kubwa kwa sababu tu ulinyamaza.

Kuna kitu umekitaja kwa kupita nikakishika: ulihamia chumba kimoja. Je, uliwaarifu uhamiaji? Mdhamini akibadilisha anwani anatakiwa kujaza fomu I-865 ndani ya siku 30 tangu kuhama. Faini inaanzia dola 250 hadi 2,000, na inapanda hadi 5,000 kama ulikuwa unajua mdhaminiwa anapokea misaada ya serikali. Jaza sasa hivi. Kuchelewa ni afadhali kuliko wakili wa upande wa pili kukuibulia.

Kaka yako, mwanangu. Hili ndilo lililonisumbua kuliko pesa. Mdhamini wa pili hakuahidi nusu. Ameahidi yote, kama wewe. Mtalaka wako anaweza kukudai wewe, akamdai yeye, au wote wawili, na akichoka na wewe atamwendea yeye ambaye mshahara wake ni mkubwa zaidi, kwa maana ndiyo sababu mlimwomba. Nakala ya fomu yake imeambatishwa kwenye barua hiyo kwa makusudi. Ukikaa kimya, siku moja atafunguliwa mlango na mleta hati za mahakama mbele ya mkewe na wanawe, na hapo hutakuwa na la kumwambia. Mpigie leo, usimtumie ujumbe. Mwambie kuna barua, mwambie kiasi kilichoandikwa na kiasi unachokadiria wewe, umwombe msionane na wakili kila mmoja kivyake kabla hamjazungumza. Akikasirika mwache akasirike. Alikutolea sahihi bila kusoma, na hiyo ni heshima aliyokupa. Mlipe kwa kumwambia mapema.

Mwambie na hili, maana huenda naye ana mtu anayetaka kumleta: mtalaka wako bado anahesabika katika kaya ya kila mmoja wenu kwenye fomu mpya ya udhamini. Hapo ndipo tunafika kwa mama.

Wewe ni raia na umeshavuka miaka 21, kumwombea mama una haki kamili, na wazazi wa raia hawana foleni ya miaka kama ndugu. Swali ni kipato. Kama ungekuwa huna mzigo wa nyuma, kaya yako ingekuwa watu wawili, wewe na mama, na kwa viwango vya 2025 ungehitaji kuonyesha dola 26,437 kwa mwaka. Lakini mtu uliyemdhamini ambaye wajibu wako kwake haujaisha anaongezwa. Kwa hiyo kaya yako ni watu watatu, wewe, mama, na bwana aliyebeba nguo zake Machi 2024, na unahitaji dola 33,312. Viwango hubadilika kila mwanzo wa mwaka, kwa hiyo angalia vya mwaka utakaopeleka fomu.

Kwa zamu zako za usiku huenda kiasi hicho unakipita. Kama hukipiti, usikimbilie kutafuta tena ndugu wa kutia sahihi kwenye boneti. Unaweza kupeleka ombi la mama, I-130, wakati wowote. Fomu ya udhamini huja hatua za baadaye, na muda huo unakutosha kulimaliza hili la mtalaka na kupanga saa zako za kazi. Mdhaminiwa mpya ni mama yako, na kwake najua hutahesabu pengo. Hata hivyo fomu ni ileile, kwa hiyo safari hii isome mpaka mwisho, uone na wewe unachokiahidi, hasa pale panapoeleza kuhusu misaada ya serikali, kwani mzee anaumwa zaidi kuliko kijana na bima ya afya ya mgeni mwenye umri mkubwa ni ghali huko. Muulize wakili huyohuyo jambo hilo siku ileile utakayompelekea barua, usije ukalipia vikao viwili.